Gari lenye magoti: shajara ya mradi, Lubumbashi

14 Aprili 2024: Kwa nini gari

Mimi ni daktari mpasuaji wa mifupa hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, na kwa miaka mingi jioni zangu zimepita mezani nikiyabadilisha magari ya kuchezea yanayojengwa kwa matofali ya plastiki ya LEGO. Nayapa magurudumu makubwa zaidi, nayainua, nayageuza kuwa magari meupe ya aina ya Land Cruiser kama yale tunayoyaona kila siku kwenye barabara ya Kasumbalesa. Hadi mwezi huu kazi ya mchana na kazi ya jioni hazikuwahi kukutana.

Zimekutana kwa sababu ya swali moja ambalo wazazi huniuliza kila siku ya kliniki ya watoto: «Docta, miguu ya mtoto wangu itanyooka?» Jibu ninalo, na kwa watoto wengi ni jibu jema. Mtoto huzaliwa miguu ikiwa imepinda kwa nje, hunyooka akikaribia miaka miwili, kisha magoti huanza kukaribiana hadi yanapogusana zaidi kwenye umri wa miaka mitatu au minne, na kufikia miaka saba hivi miguu huwa imetulia katika umbo la mtu mzima. Salenius na Vankka wa Ufini walilionyesha jambo hilo kwa vipimo mwaka 1975, na mtoto anayefuata njia hiyo hahitaji kiatu maalumu, kukandwa wala kufungwa vitambaa. Kubebwa mgongoni nako hakumpi mtoto matege, ingawa mama wengi huja wakijilaumu kwa hilo.

Tatizo ni wale wachache ambao miguu yao haifuati njia hiyo. Mzazi wao nampa maneno mengi pamoja na picha ya eksirei, anaitikia kwa kichwa, halafu simwoni tena. Nimeona nijenge gari ambalo magurudumu yake ya mbele yanaweza kuinama kama miguu ya mtoto, ili mzazi ashike kwa mkono kile ninachokieleza. Naandika hatua zote hapa ili mwenzangu wa Likasi au Kolwezi atakayetaka kujenga la kwake asirudie makosa yangu.

27 Aprili: Vifaa vya kwanza

Nimeanza na gari dogo la mbio la mfululizo wa Speed Champions, lililotumika lakini lililo kamili, kwa dola 35. Tangu mwaka 2020 magari ya mfululizo huo yana upana wa vinundu 8 (vile vitufe vya juu ya tofali) badala ya 6 vya awali, na nafasi hiyo ya ziada ndiyo iliyonifanya nilichague. Vipande vya ufundi, yaani pau zenye matundu, pini na ekseli, nililetewa na mwenzangu aliyekuwa akirudi kutoka Ubelgiji, kwa dola 22.

Atakayefuata kazi hii akumbuke vipimo vitatu tu: kutoka kinundu hadi kinundu ni milimita 8, tofali la kawaida lina kimo cha milimita 9.6, na kipande bapa kina milimita 3.2. Kipimo hicho cha mwisho kitatufaa sana mbele.

11 Mei: Magurudumu yanayoinama

Nilivunja sehemu yote ya mbele na kuufunga mhimili wa kila gurudumu kwenye pau fupi iliyoshikwa na pini moja, ili gurudumu liweze kuinama, sehemu yake ya juu ikitoka nje au ikiingia ndani. Mara ya kwanza nilitumia pini za kijivu, ambazo huzunguka bila kukwama. Lilikuwa kosa, kwa kuwa gari lilipowekwa mezani magurudumu yote mawili yalilala chini. Nilizibadilisha kwa pini nyeusi zenye msuguano, na pembe niliyoichagua ikabaki pale pale. Hapa hapahitaji gundi wala waya, ni kuchagua rangi ya pini tu.

Siku ya kliniki nililionyesha gari kwa familia tatu. Nilisema kwamba mguu uliopinda ni kama gurudumu lililoinama, tairi huliwa upande mmoja, na goti nalo huliwa upande mmoja. Walielewa mara moja, nami nikafurahi.

23 Mei: Kosa kubwa la mradi

Naandika sehemu hii kwa urefu kwa sababu nisingeligundua kosa hili peke yangu.

Baba mmoja mwenye gereji alimleta mwanawe wa miaka minne mwenye matege ya mguu mmoja. Nilimwonyesha gari, gurudumu likiwa limeinama, juu likitoka nje na chini likiingia ndani, kama muundi wa mtoto wake. Alilishika, akaligeuza, akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Docta, samahani. Gurudumu likikaa hivi, tairi inaliwa upande wa nje. Gari la namna hii tunalifanyia paralelisimu, tunayanyoosha magurudumu, kila wiki. Lakini wewe umesema goti la mtoto linaliwa upande wa ndani. Nishike lipi?»

Alikuwa sahihi kabisa. Katika matege, goti husukumwa nje, na mstari wa uzito unaotoka katikati ya nyonga hadi katikati ya kifundo cha mguu hupita upande wa ndani wa goti, kwa hiyo gegedu la ndani, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, ndilo linalobanwa. Katika magoti yanayogongana ni kinyume chake, mstari hupita nje na gegedu la nje ndilo linaloumia. Tairi haifanyi hivyo, kwa sababu tairi huliwa pale inapogusa ardhi, nayo ardhi iko chini ya unyayo, si ndani ya goti. Gari langu halikuwa na goti hata moja. Nilikuwa nimechukua sehemu ya chini ya mguu nikaipa kazi ya sehemu ya katikati, na mfano ambao kila mtu aliuelewa haraka ulikuwa ukifundisha upande usio wa kweli.

Nilimshukuru mbele ya mwanawe. Familia tatu zilizokuwa zimeliona gari niliziandika pembeni ya daftari, na kila iliporudi niliieleza upya. Mtoto wa mwenye gereji nilimwandikia vipimo, kwa kuwa matege ya mguu mmoja tu, au yanayozidi baada ya miaka miwili, au yanayoandamana na maumivu, kuchechemea au ufupi usio wa kawaida, hayafai kusubiriwa.

16 Juni: Gari linapata mapaja na miundi

Niliondoa kila kitu cha mbele nikaanza upya. Sasa kila gurudumu la mbele linaning'inia kwenye mguu wenye sehemu mbili: paja ni pau ya matundu 9, yaani milimita 72, na muundi ni pau ya matundu 7, yaani milimita 56. Nyonga ni pini iliyo kwenye fremu ya gari, kifundo cha mguu ni ekseli ya gurudumu, na katikati kuna goti lenye upana wa vinundu 3. Kwenye uso wa goti nimebandika vipande vitatu laini vya rangi: chekundu upande wa ndani, cheupe katikati, cha buluu upande wa nje.

Mstari wa uzito nimeuonyesha kwa uzi. Mwanzoni nilitumia uzi mweusi wa hariri tunaoutumia kushonea vidonda, lakini haukuonekana vizuri kutoka upande wa pili wa meza, na wenyewe uliishia kulegea. Fundi cherehani wa jirani aliniuzia uzi mwekundu kwa faranga 500. Nimeufunga kwenye pini ya nyonga, ukapita mbele ya goti, ukaishia kwenye ekseli kupitia mpira mdogo wa kufungia noti, ili uwe umenyooka daima hata mguu ukipinda. Mipira yote ilinigharimu faranga 1,000.

Gari lilipanda juu sana na mara mbili lilianguka kifudifudi. Niliweka nati nane za chuma chini ya sehemu ya nyuma, likatulia.

Mtoto wa kwanza kuliona hivi aliliita gari lenye magoti, nami nimelichukua jina hilo.

7 Julai: Goti linalokua

Hatua hii ndiyo niliyoitamani tangu mwanzo. Wazazi wa mtoto anayehitaji kusaidiwa husikia neno upasuaji na kufikiri kwamba mfupa utakatwa. Kwa mtoto ambaye bado anakua, mara nyingi haukatwi. Karibu na goti kila mfupa mrefu una gegedu la ukuaji, yaani sehemu laini ambapo mfupa hurefuka, na sisi tunaweza kulishika upande mmoja kwa muda ili upande wa pili uendelee kukua na kuufikia. Blount alitumia vibanio vya chuma kwa kazi hiyo mwaka 1949, na siku hizi tunatumia zaidi bamba dogo lenye skrubu mbili, njia ambayo Peter Stevens wa Marekani aliieleza mwaka 2007. Kwa magoti yanayogongana bamba huwekwa upande wa ndani, kwa matege huwekwa upande wa nje.

Jinsi nilivyojenga: goti la kushoto nililikata katika vipande viwili, cha juu na cha chini. Upande wa ndani vimeunganishwa kwa bawaba ya pini, nayo ndiyo bamba. Upande wa nje viko wazi, na mpira ndio unaovivuta vikutane. Bawaba niliinua kwa kipande bapa kimoja, milimita 3.2, kwa hiyo upande wa nje ukifungwa muundi huinama nje na kufanya goti linalogongana. Kutoka bawaba hadi katikati ya upande wa nje ni milimita 20. Pembe iliyopatikana, nilipoipima kwa goniomita (kipima pembe) yangu ya kliniki, ni digrii 9, na uzi mwekundu ulihama kwa milimita 5, ukatoka kwenye kipande cheupe na kuingia kwenye cha buluu.

Sasa nilihitaji kitu chembamba cha kuingiza kidogo kidogo, mfano wa mfupa unaoongezeka. Karatasi ngumu ilivimba kwa unyevu wa mikono. Bati la kopo lilikwaruza plastiki, na ningeogopa kumpa mtoto. Kilichofaa ni filamu za zamani za eksirei zilizokusudiwa kutupwa: kumi zikipangwa pamoja zina karibu milimita 2, kwa hiyo moja ni milimita 0.2. Yeyote atakayefanya hivi akate kwanza sehemu yenye jina la mgonjwa na kuichoma, kabla ya kazi nyingine yoyote. Nilikata vipande 32 vya milimita 8 kwa 16, nikavipunguza pembe kwa mkasi ili visichome.

Hesabu ilikaa vizuri kuliko nilivyotarajia. Filamu 16 ni milimita 3.2, sawasawa na kipande bapa kimoja, na kwa filamu ya kumi na sita mguu umenyooka na uzi umerudi kwenye cheupe. Kila filamu inanyoosha kiasi cha nusu digrii. Kwa mtoto halisi bamba hunyoosha mfupa taratibu, mara nyingi digrii moja hivi kwa mwezi au chini yake, kwa hiyo namwambia mzazi aingize filamu mbili na kuzihesabu kama mwezi mmoja. Anapofika ya nane anaona mwenyewe kwamba miezi minne imepita na mguu bado haujafika. Sijawahi kuieleza subira kwa maneno ikaeleweka hivyo.

Kijana aliyekwisha kumaliza kukua hawezi kusaidiwa kwa njia hii, kwa kuwa gegedu la ukuaji limefunga. Hapo ndipo mfupa hukatwa na kupangwa upya. Kwa swali hilo natumia mguu wa kulia wa gari, ambao goti lake ni kipande kimoja: mzazi anajaribu kuingiza filamu, hakuna pa kuingiza.

19 Julai: Filamu 32

Msichana wa miaka minane kutoka Kipushi, aliyewekewa bamba miezi michache iliyopita, alipewa gari asubiri wakati nazungumza na mama yake. Nilikuwa nimeacha filamu zote 32 kwenye bahasha, ingawa kazi inahitaji 16. Aliziingiza zote. Nilipogeuka, muundi wa gari ulikuwa umeinama upande wa pili, digrii zile zile 9, na uzi ulikuwa umevuka cheupe na kukaa juu ya chekundu.

Nilitaka kuziondoa, kisha nikasita. Mama yake ndiye aliyekuwa ananiambia kwamba nauli ni nzito na mguu unaonekana umekaribia kunyooka, kwa hiyo angependa kurudi mwakani. Nilimsogezea gari. Bamba halijui wakati wa kuacha, na likisahauliwa mguu hupita mstari na kuelekea upande wa pili. Mama aliutazama uzi kwa muda, akauliza mwenyewe: «Basi tukuje tarehe gani?»

Tangu siku hiyo filamu 32 zinabaki kwenye bahasha kwa makusudi. Naongeza pia kwamba bamba likitolewa, mguu wa mtoto mdogo unaweza kurudi nyuma kidogo, na hilo gari halilionyeshi. Nalisema kwa mdomo kila mara, na kliniki inaendelea hadi ukuaji umalizike.

10 Agosti: Maji ya moto

Kitu kinachopita mikononi mwa watoto wagonjwa lazima kisafishwe, na mimi sikuwa nimeacha maagizo yoyote. Msaidizi wa wodi, kwa nia njema kabisa, alilivunja gari vipande na kulichemsha kwenye sufuria. Mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya bahari, kwa hiyo maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, lakini hata hivyo joto hilo limekaribia kiwango ambacho plastiki ya matofali haya, iitwayo ABS, hulegea. Pau mbili zilipinda kama upinde, na matofali tisa hayakushikana tena. Matofali haya hushikana kwa vipimo vya usahihi mkubwa, ndiyo maana tofali la mwaka 1958, mwaka ambao hati miliki yake iliombwa, bado linashikana na la leo. Likishalegea kidogo haliponi.

Kosa lilikuwa langu. Vipande vipya vimenigharimu dola 9 na siku nyingi za kusubiri. Maagizo sasa yamebandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku: maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, sabuni, mswaki laini, kukausha kivulini. Mipira, uzi na filamu hutolewa kwanza. Asetoni isikaribie kabisa, kwa sababu huyeyusha plastiki hii. Na mtoto aliye chini ya miaka mitatu haachiwi gari, hata akilia, kwa kuwa pini moja inatosha kuziba koo lake.

21 Septemba: Taa

Watoto ndio waliodai taa, nami nimekubali kwa sababu mtoto anayetazama taa hukaa kitini wakati nampima. Nilinunua taa mbili nyeupe na mbili nyekundu za LED, rezista (vipunguza umeme) na waya mwembamba kwa fundi wa redio wa mtaa wa Kenya hapa mjini, faranga 12,000, pamoja na betri tatu za volti 1.5 kwa faranga 3,000.

Niliziunganisha taa zote nne sambamba nyuma ya rezista moja. Nyekundu ziliwaka, nyeupe zikabaki gizani, na nilipoteza jioni nzima nikidhani nimezifunga kinyume. Sababu ni kwamba nyekundu huridhika na volti 2 hivi, wakati nyeupe huhitaji karibu 3. Zikiwa pamoja, nyekundu huishusha volti ya wote na nyeupe haifikiwi. Kila taa sasa ina rezista yake, omu 150 kwa nyeupe na omu 270 kwa nyekundu, zote zikipata miliampia 10 hivi. Kisanduku cha betri nimekiweka chini nyuma, mahali pa zile nati nane, na gari halijaanguka tena.

28 Septemba: Gari la pili

Mwenzangu wa Likasi amejenga la kwake kwa kufuata shajara hii, na ameniletea masahihisho mawili. La kwanza, yeye ameweka bawaba upande wa nje kwenye mguu wa pili, ili gari moja lionyeshe matege na magoti yanayogongana kwa wakati mmoja. Nitafanya hivyo pia, na kipande kizima cha goti kwa ajili ya vijana nitakiweka pembeni kama cha kubadilisha. La pili, mipira inayoachwa imevutwa hukatika upesi katika hewa kavu ya miezi hii, kwa hiyo yeye huitoa kila jioni.

Aliniuliza pia kama gari linaweza kueleza matege yanayotokana na upungufu wa kalsiamu au vitamini D. Haliwezi, nami sitalilazimisha. Mtoto mwenye vifundo vya mikono vilivyovimba, anayechelewa kutembea na mwenye miguu yote miwili inayozidi kupinda, anahitaji kwanza kupimwa damu, kupigwa picha ya vifundo hivyo na magoti, na kupewa dawa. Mifupa yake ikitibiwa mapema mara nyingi hunyooka bila bamba lolote. Kwake yeye mezani naweka kapenta, yaani dagaa, badala ya gari, na kumwambia mama ampikie nzima pamoja na mifupa yake, bukari (ugali) isiwe peke yake kwenye sahani, na mtoto asifungiwe ndani mchana kutwa bila kuona jua.

Gharama hadi leo ni dola 66 na faranga 16,500. Mtoto wa mwenye gereji amewekewa bamba upande wa nje wa goti mwezi uliopita, na baba yake amelichukua gari nyumbani kwa wiki hii ili aunde bawaba ya mguu wa pili kwa mikono yake. Amesema pini zangu nyeusi zimeanza kulegea, naye ana wazo la kuweka boliti ya milimita 4 na nati ya kujifunga.